Saiklokrosi ya Dom: Chuma Begani, Mchanga Mdomoni

Oya wanangu wa Dodoma, kuna mchezo wa baiskeli ambao ukiucheki mara ya kwanza unahisi wachizi wamedata. Mshkaji anakuja spidi, mbele kuna ubao wa sentimita 40 umesimamishwa makusudi. Anashuka bila kusimama, anauruka, anatupa chuma begani, anapandisha kilima kwa miguu kama mmachinga aliyeona mgambo, halafu huyo, anarukia siti na kusepa. Mchezo wenyewe unaitwa saiklokrosi. Mimi nasema bila kupepesa macho: huu mchezo ni wa kwetu, wazungu wametuwahi tu.

Mzuka ulianzia Ufaransa. Mashindano yao ya kwanza ya taifa yalipigwa 1902, na wakali wa barabarani wakawa wanautumia kujiweka fiti wakati wa baridi. Octave Lapize alipobeba Tour de France ya 1910, aliutaja mchezo huu kuwa ndio uliomkomaza. Ubingwa wa dunia ukaanza Paris 1950, akauchukua Jean Robic, mwamba aliyekuwa na Tour ya 1947 tayari kabatini. Leo wenye mchezo ni Wabelgiji. Kwenye mji wao wa Koksijde wana matuta ya mchanga wa pwani, na ubingwa wa dunia ulipofanyika hapo 2012, nafasi saba za juu za wanaume zote wakakomba wao. Ule mchanga wanaujua tangu wadogo, utawafanya nini?

Sasa kama ni mchanga, Dom tunaomba nini? Kiangazi makorongo yetu ni mchanga mtupu. Tope? Subiri mvua za Desemba mpaka Aprili, kisha peleka baiskeli kwenye mbuga za Bahi uone tope linavyojaa kwenye breki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Milima ipo, Ntyuka hapo. Na tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Dar akija kuvimba, mapafu yatamsanua mapema.

Sisi washkaji tunapiga mbio zetu nje kidogo ya mji. Vizuizi ni mbao za saiti, utepe ni kamba ya katani, refa ni yeyote mwenye simu yenye chaji. Kinachouma kwenye huu mchezo siyo umbali. Mizunguko yenyewe ni mifupi, kwenye mashindano rasmi mmoja unakuwa kama kilomita tatu, na wanaume wa daraja la juu wanakimbizana kwa saa moja tu. Kinachouma ni kukosa pa kupumzikia. Ukitoka kwenye kona unakutana na mchanga, ukitoka kwenye mchanga unashuka, ukishabeba unapanda, na moyo uko kooni muda wote. Dakika za mwanzo kila mtu ni bingwa. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia, unagundua unayepambana naye siyo wa kwanza. Ni mchizi mmoja aliyeko mbele yako hatua kumi, naye kachoka kama wewe, na hutaki kabisa akutambie kijiweni.

Halafu watazamaji! Kwa kuwa mnazunguka palepale, wanawaona mara kibao na wanawachana kila mkipita. Bibi mmoja aliyekuwa anarudi shambani alisimama, akashangaa weee, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hiyo baiskeli inakubeba au unaibeba?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Marekani kwenye mbio za ridhaa, mashabiki huwa wanawanyooshea waendeshaji bia au noti ya dola wakiwa mbioni. Hapa kwetu mvunoni naona kishada cha zabibu kinatosha kabisa, tena kina sukari ya kukurudisha duniani.

Suala la chuma lisikutishe. Baiskeli ya saiklokrosi ya kishua ina uzito wa kilo nane hivi. Phoenix ya dingi inakaribia ishirini, ukiibeba begani utaona jua likibadilika rangi. Ila kuna kichekesho: sheria za kimataifa hazitaki tairi pana kuliko milimita 33, na ya Phoenix ina inchi moja na nusu, yaani inazidi. Kwa hiyo kule ungetolewa kwa kuwa na tairi nono! Huku tunakubali chochote chenye pedeli, hata mtumba wa Kijapani wenye kikapu. Adui wa kweli ni mbigili. Wenzetu wanamimina dawa ndani ya tairi, tundu linajiziba lenyewe; sisi ni kiraka, gundi na pampu ya kuazimana.

Na tusikae nyuma: Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Kenya wana mbio za changarawe kule Maasai Mara tangu 2021. Majirani wameshachangamka, na vijana wanaopiga kilomita kibao kila siku na gunia la mkaa kwenye keria wako hapahapa Dodoma. Miguu ile mpe chuma chepesi uone.

Kwa hiyo mvua zikianza, toa baiskeli stoo, mwambie fundi akukazie breki, uje. Kiingilio hakuna. Ila kiraka njoo nacho mwenyewe, vya kwangu mmeshavimaliza.