Je, Wajua? Krimu ya Fangasi Hupimwa kwa Umeme

Mvuvi wa omena wa Muhuru Bay, ambaye miguu yake haikauki, akishikwa na fangasi za vidoleni mara nyingi hununua krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1. Tyubu ya gramu 20 yapasa kuwa na miligramu 200 za dawa. Je, zimo kweli? Kwa macho huwezi kujua.

Njia moja ya kupima ni elektroforesisi ya kapilari, yaani kutenganisha kemikali kwa umeme ndani ya mrija mwembamba wa kioo. Krimu huyeyushwa kwa methanoli, kisha hupozwa ili mafuta yagande, yachujwe. Hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa mafuta yakibaki huziba mrija huo, ambao tundu lake ni sehemu ya ishirini ya milimita. Katika kimiminika chenye asidi, klotrimazoli hupata chaji chanya, na umeme wa hadi volti 30,000 huivuta kuelekea ncha hasi, ambako mwanga wa urujuanimno huipima ikipita. Ikiwa krimu imechanganywa na steroidi kama klobetasoli, ambayo hupoza mwasho huku fangasi zikizidi kuenea, steroidi hiyo haina chaji, hivyo huachwa nyuma ya klotrimazoli. Uzuri mkubwa, kwa maabara zetu zenye bajeti finyu, ni kwamba kipimo hiki hutumia viyeyusho kidogo mno.