Asiyewahi Kunywa Naye Ajibu

Dodoso la tabia hatarishi kwa vijana balehe lina jambo moja ambalo msomaji wa kawaida halioni. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuonja pombe haambiwi aruke maswali ya pombe. Anayajibu yote, kwa kuwa kila swali lina jibu linalomfaa hata yeye. Lau angeruhusiwa kuruka, angemaliza mapema, na jirani yake wa dawati, ambaye bado anajaza, angekuwa ameshajitangaza kwa darasa zima.

Ndivyo ulivyoundwa utafiti wa afya ya wanafunzi ambao Shirika la Afya Duniani, likisaidiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, liliuanza mwaka 2003, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Shule huchaguliwa kwa bahati nasibu, zenye wanafunzi wengi zikipewa nafasi kubwa zaidi. Kisha hupigwa kura ya madarasa, na darasa lililopatikana hujibu lote. Hakuna anayeandika jina. Kwangu mimi, mwalimu akianza kupita katikati ya madawati, siku hiyo hakuna tena utafiti. Mtoto ataandika anachodhani mwalimu angependa kukisoma.

Maneno nayo yana uzito. Maswali mengi huhusu siku 30 zilizopita, maana kumbukumbu ya mwaka mzima huchanganyika. Lakini mtoto aliyezoea kuonja mnazi harusini anaweza kujibu kwa moyo mweupe kwamba hanywi pombe, kwa sababu kwao pombe ni ile ya chupa. Dodoso lisipotaja vinywaji vya mahali husika, takwimu zitatoka safi na zitakuwa za uongo.

Kuna pengo jingine linaloniuma zaidi. Tanzania ilifanya utafiti huu wa shuleni mwaka 2014, wakati binti aliyepata mimba alikuwa akiondolewa shule. Ruhusa ya kurudi ilitangazwa Novemba 2021. Darasa lilijibu, yeye hayupo. Wala hayupo mfanyakazi wa ndani wa miaka 14, wala kijana aliyekwisha kushika usukani wa bodaboda.

Hao hupatikana kwa kubisha hodi majumbani. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulihoji vijana wa miaka 13 hadi 24 nyumbani kwao, ana kwa ana, na ukaonyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Maeneo ya kuhoji wasichana yalitengwa na ya wavulana, ili aliyemdhuru binti katika mtaa huohuo asije naye akahojiwa, akajua yule binti ameulizwa nini.