Butiki ya Chakula Lubumbashi Wakati Mishahara Imekauka

Lubumbashi ni mji wa shaba, na butiki ndogo za chakula huongezeka kila shaba inapoanguka. Zamani za kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, mfanyakazi wa mgodi alipewa posho ya unga, samaki na mafuta juu ya mshahara, na kampuni ikaitwa baba na mama. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya utaifishaji wa 1967, iliendeleza desturi hiyo. Mwaka 1986 ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Posho ikakatika, mishahara ikachelewa, na wake wa wafanyakazi wakatandika bidhaa mbele ya nyumba katika mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa malipo ya kiinua mgongo yaliyogharimiwa na Benki ya Dunia. Mwisho wa 2008, bei ya shaba ilipoanguka tena, makampuni mapya ya migodi yalifunga milango na kuachisha watu kazi.

Hata leo, mwenye kufungua butiki mara nyingi ni mama wa nyumba. Hadi 2016 Sheria ya Familia ya Kongo ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mkataba. Marekebisho ya mwaka huo yaliondoa sharti hilo, na lilistahili kuondolewa mapema zaidi. Ruhusa ya biashara ni patente, ambayo sheria ya 1990 kuhusu biashara ndogo inamtaka kila mfanyabiashara wa aina hii awe nayo. Ni vizuri kuiweka karibu, pamoja na kitansi (risiti) cha kila kodi iliyolipwa.

Bidhaa ya kwanza ni unga wa mahindi. Familia yenye shida huacha nyama, kisha hupunguza samaki na sukari, lakini bukari, yaani ugali, ndiyo ya mwisho kuguswa. Unga mwingi hupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, na hapo ndipo penye hatari: Zambia ikikosa mvua, kama ilivyotokea 2024, huzuia mahindi yake yasitoke, na bei ya Lubumbashi hupanda mara moja. Kwa kawaida bei hupanda pia katika miezi ya mvua, kabla mahindi mapya hayajavunwa. Mwenye mtaji mdogo hawezi kuweka akiba ya miezi mingi, kwa sababu fedha yake yote italala ghalani pamoja na fukusi. Magunia machache yanayoisha haraka yanamfaa zaidi. Samaki wa friza wasubiri, maana umeme hukatika mara kwa mara.

Anayelipwa kwa siku hana fedha ya gunia la kilo 25. Hununua kopo moja la unga, mafuta ya kijichupa, sukari ya kimfuko. Kwa kilo, analipa zaidi kuliko tajiri. Jambo hili linauma, ila tofauti hiyo ndiyo inayolipa usafiri, pango na unga unaomwagika. Kopo lililobonyezwa chini ili lipime pungufu ni wizi, na majirani huligundua.

Linaloua butiki nyingi ni hesabu ya dola. Bidhaa hununuliwa kwa dola, huuzwa kwa faranga. Tuseme gunia limenunuliwa dola 20, dola ikiwa faranga 2,500: limegharimu 50,000. Likiuzwa 55,000, faida inaonekana kuwa 5,000. Lakini dola ikifika 2,800 kabla ya safari nyingine, gunia hilohilo litagharimu 56,000, na mwenye butiki amepungukiwa na 1,000 huku akidhani amepata. Kwa hiyo bei hupangwa kwa kuangalia gharama ya kununua tena, na faranga za mauzo hazilali muda mrefu. Faranga ikipanda thamani, anayeumia ni mwenye ghala lililojaa.

Deni ni suala gumu zaidi, kwa kuwa mteja ni jirani, shemeji, au mtu wa kanisa moja. Kukataa kabisa haiwezekani mtaani. Inawezekana kukopesha kiasi kidogo kwa mtu ambaye siku yake ya malipo inajulikana, kuandika daftarini mbele yake, na kutoongeza kabla hajalipa. Daftari hilo liandike pia unga unaoingia jikoni mwa mwenye butiki. Watoto lazima wale, lakini kisichoandikwa hula mtaji kimyakimya.

Mtaji wenyewe ni heri utoke kwenye likelemba, ambamo wanachama huchanga na kupokea kwa zamu, kuliko kwa mkopeshaji wa mtaani anayedai riba kubwa ndani ya mwezi mmoja.

Migodi ikifufuka, wateja wa kopo huanza kununua gunia sokoni, kwa jumla. Hapo butiki hubadili rafu zake: unga hupungua, mchele, maziwa na mkate huongezeka.