Moshi Kwanza, Betri Baadaye

Trekta kuukuu linapogoma kuwaka Namtumbo, mvua za kupandia zikinukia na mashamba ya mahindi yakisubiri jembe, lawama ya kwanza huangukia betri. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haraka mno. Injini ya dizeli haina plagi za cheche: pistoni huigandamiza hewa mpaka joto lipite nyuzi 500 za Selsiasi, ndipo nozeli hunyunyiza mafuta, nayo yakawaka yenyewe. Kwa hiyo shahidi wa kwanza kuhojiwa ni ekzosi. Starta ikizungusha kwa nguvu na moshi usionekane kabisa, dizeli haifiki: filta imeziba, au bomba limeingiza upepo, na hapo hulegezwa skrubu ya kutolea upepo, ikapigwa pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Moshi mweupe ukitoka bila injini kushika, mafuta yanafika lakini joto halitoshi. Zichunguzwe ringi, valvu na nozeli.

Wapo watakaosema betri mpya iliwahi kuwaponya. Ni kweli, injini ikizunguka polepole hewa huvuja na joto hupotea, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai. Lakini waya wa ethi wenye kutu huleta uzito uleule, na msasa ni rahisi kuliko betri. Wengine hupulizia etha. Hiyo huweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi, zilezile ambazo tayari zimechoka.