Vimelea vya Ngara na rasimu inayosomwa bure

Wasomaji wa Ngara na Biharamulo wanauliza: ni kweli dawa mseto haitibu tena malaria mkoani Kagera? Si kweli. Ila uvumi huo umetokana na utafiti halisi ambao yeyote mwenye simu anaweza kuusoma.

Novemba 2023, watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao wa Marekani waliweka rasimu yao medRxiv, hifadhi ya mtandaoni ya tafiti za tiba ambazo bado hazijahakikiwa na wataalamu wengine. Walikuwa wamepima sampuli za damu zaidi ya 6,000 za mikoa mbalimbali nchini, za mwaka 2021. Kagera, asilimia 7.7 zilikuwa na badiliko la jeni la kimelea liitwalo R561H, lililokwisha kugunduliwa Rwanda. Karagwe na Kyerwa ziliongoza. Ngara lilikuwepo, ila kwa uchache. Majarida mengi humtoza msomaji fedha. Rasimu hii tabibu wa Rusumo au Nyakahura angeweza kuifungua siku ileile, bila kulipa senti.

Badiliko hilo linafanya nini? Kimelea hula himoglobini ya damu. Kikiimeng'enya, hutoka himu yenye madini ya chuma, na himu ndiyo inayoiamsha artemisinini, kiungo kimoja cha dawa mseto. Bila hiyo dawa inapita imelala. R561H limo kwenye protini ya Kelch13, inayosaidia kimelea kumeza himoglobini. Protini hiyo ikipungua nguvu, kimelea kichanga kinakula kidogo, himu inakuwa haba na dawa haiamki vya kutosha. Kimelea kinajinyima kwa saa chache, na artemisinini nayo haikai mwilini zaidi ya saa chache! Kisha kinaendelea kukua.

Hapo ndipo wazushi wanapoishia njiani. Dawa inaitwa mseto kwa sababu ina lumefantrini pia, inayobaki mwilini siku kadhaa na kuvimaliza vimelea vilivyonusurika. Majaribio ya tiba yaliyofanyika Karagwe mwaka 2022, ambayo matokeo yake yalihakikiwa na kuchapishwa 2024, yalionyesha vimelea vikichelewa kuisha kwenye damu, lakini wagonjwa wengi mno walipona.

Anayekuonyesha rasimu hiyo kisha akakuuzia chai ya pakanga ni tapeli. Chai hiyo ina artemisinini ileile, kwa kipimo asichokijua yeye wala wewe, na haina lumefantrini. Inaweza kuvifundisha vimelea usugu. Walioitupa rasimu eti haijahakikiwa nao walikosea: juu ya ukurasa pameandikwa wazi kuwa isitumiwe kuongoza matibabu, hapakuandikwa kuwa ni uongo. Ilikuwa taarifa ya mapema kwa wanaofuatilia ugonjwa.

Wewe pima kwanza. Dozi ni sita kwa siku tatu, meza na chakula chenye mafuta, umalize hata ukipata nafuu. Homa ikirudi, rudi zahanati upimwe upya. Usikimbilie duka la dawa.