Kusahihisha, Kupima na Kutathmini: Istilahi za Kutolea Alama Programu za Wanafunzi

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zihitajiwazo mwalimu anapotoa alama kwa programu za kompyuta zilizoandikwa na wanafunzi. Kwa desturi kazi hiyo huitwa "kusahihisha". Neno hili limezoeleka, lakini limebeba mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa: kuangalia kama programu inatoa jibu sahihi, na kuangalia kama imeandikwa vizuri.

Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa katika lugha maalumu, kama vile Pascal au Python. Maagizo hayo yana wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni mashine, ambayo hutii kilichoandikwa bila kujali uzuri wake. Wa pili ni binadamu, yaani mwalimu wa leo na mfanyakazi wa kesho atakayetakiwa kuirekebisha programu hiyo wakati mwandishi wake amekwisha kuhama.

Natuchukue mfano. Wanafunzi watatu wameagizwa waandike programu ya kutambua mwaka mrefu, yaani mwaka wenye siku 366. Kwa kalenda ya Gregori, mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu. Lakini mwaka unaotimiza karne huwa mrefu iwapo tu unagawanyika kwa 400. Hivyo mwaka 2000 ulikuwa mrefu, na mwaka 1900 haukuwa. Mwanafunzi wa kwanza amesahau kufunga mabano, na programu yake haianzi kabisa. Wa pili amegawanya kwa 4 tu. Programu yake inajibu vema kwa mwaka 1984 na 2024, lakini inakosea kwa mwaka 1900. Wa tatu amepata miaka yote, ila kila thamani ameipa jina lisilo na maana, kama a1, a2 na a3, na mistari yote ameibananisha pamoja.

Mwalimu akiandika "programu mbaya" katika karatasi zote tatu, atakuwa amewadhulumu. Mwanafunzi wa tatu atadhani hesabu yake ina kosa, naye ataivuruga kanuni iliyokuwa sahihi. Wa pili atadhani amepungukiwa na unadhifu tu. Kosa lake, hata hivyo, si dogo wala si la darasani peke yake. Programu ya majedwali iitwayo Lotus 1-2-3, iliyotolewa mwaka 1983, iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu; na Microsoft Excel ikalihifadhi kosa hilo kwa makusudi ili tarehe za programu hizo mbili zilingane.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

1. Kosa la sarufi: maagizo yamekiuka kanuni za uandishi wa lugha ya programu, hata mashine haiwezi kuyatekeleza. Neno "sintaksia" pia hutumika.

2. Kosa la mantiki: programu inatekelezwa, lakini jibu lake si sahihi kwa hali fulani.

3. Kasoro ya mtindo: jibu ni sahihi, ila msomaji binadamu anapata taabu kuelewa.

Msomaji ataona kwamba tumetumia "kosa" mara mbili na "kasoro" mara moja. Tumefanya hivyo ili jina lenyewe lionyeshe tofauti. Aidha, hatukuchagua neno "usanifu" kwa maana ya mtindo, kwa kuwa neno hilo limekwisha kushika maana ya kubuni umbo la kitu, kama vile jengo.

Vitenzi navyo vitenganishwe. Usahihi hupimwa. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth, wa Rensselaer Polytechnic Institute huko Marekani, alieleza jinsi kompyuta ilivyoweza kupima programu za wanafunzi zilizotobolewa katika kadi. Hata hivyo, mtaalamu Edsger Dijkstra alitahadharisha kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hayawezi kuthibitisha kuwa halipo. Kwa hiyo mfasiri asiandike "programu ni sahihi" mahali ambapo matini asilia yanasema tu kwamba programu "imefaulu majaribio". Programu ya mwanafunzi wa pili ingefaulu majaribio yote kama mwaka 1900 usingejaribiwa.

Mtindo, kwa upande wake, hutathminiwa. Brian Kernighan na P. J. Plauger waliutungia kitabu kizima mwaka 1974. Tangu mwaka 2001 lugha ya Python ina mwongozo wake wa mtindo uitwao PEP 8, unaoagiza, kwa mfano, nafasi nne kwa kila hatua ya kuingiza mistari ndani. Nafasi huweza kuhesabiwa na mashine. Lakini kuamua kama jina limebeba maana iliyokusudiwa ni kazi ihitajiyo msomaji.

Ingefaa basi karatasi ya alama iwe na safu mbili, "usahihi" na "mtindo", na mgawanyo wa alama utangazwe kabla ya kazi kuanza. Neno "kusahihisha" libaki kuwa jina la kazi yote, bali maelezo ya pambizoni yataje aina ya kosa au kasoro, ili mwanafunzi ajue la kurekebisha na la kuacha lilivyo. Maoni ya walimu na wafasiri kuhusu istilahi hizi yatapokelewa kwa shukrani.