Unauza inseti za lethi? Soma namba mbili za mwisho kabla hujafunga mzigo

Wafanyabiashara wenzangu, leo ni zamu yetu sisi tunaouza vifaa vya mafundi mtandaoni. Mteja anakuandikia: "Nataka inseti za CNMG, za kutoa finishi safi kwenye chuma." Ukimjibu bei tu, jiandae mzigo kurudi. Nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote, na mteja ndo kaondoka hivyo.

Inseti ni kile kipande kidogo cha kabaidi kinachokata chuma kwenye lethi. Utakuta boksi la CNMG 120404 na la CNMG 120408. Kwa macho ni mapacha. Tofauti iko mwisho: 04 ni ncha yenye rediasi ya milimita 0.4, na 08 ni milimita 0.8.

Inabadilisha nini? Inseti ikipita huacha mistari midogo kama nyuzi za bolti. Ncha ya mviringo mkubwa huacha mistari isiyo na kina. Kwa hesabu, fundi akiweka fidi ya milimita 0.2 kwa mzunguko, 04 inaacha mistari yenye kina cha maikroni 12.5 hivi. 08 inaacha 6.25, yaani nusu.

Ila usikimbilie kusema 08 ndo bora. Ncha kubwa inasukuma kazi zaidi. Shafti ikiwa nyembamba na ndefu, au mashine imechoka, inatetemeka na uso unatoka na mawimbi. Hapo 04 inashinda.

Kingine: akishusha fidi kutoka 0.2 hadi 0.1, 04 ileile inaacha maikroni 3 hivi, robo ya mwanzo. Mteja mwenye 04 akilalamika finishi mbaya, mimi namwambia ajaribu hilo kwanza. Siku hiyo siuzi, ila zikiisha anarudi kwangu. Asishushe mno tu, maana chuma kinachokatwa kinakosa kuvunjika, kinatoka uzi mrefu unaokwaruza kazi.

Kabla ya kutuma mzigo, uliza haya:

1. Unakata chuma gani? Kwenye maboksi mengi rangi ya bluu ni ya chuma cha kawaida, njano ni ya stenlesi.
2. Kazi ni nene au nyembamba, na mashine yako ina nguvu kiasi gani?
3. Holda yako ni ya inseti gani? Omba picha. CCMT haikai kwenye holda ya CNMG.

Akisema CCMT ni rahisi zaidi, mkumbushe ahesabu ncha. CNMG inageuzwa pande zote mbili, ana ncha 4. CCMT ana 2. Ila kwa mashine ndogo CCMT inakata kwa wepesi zaidi, kwa hiyo inaweza kuwa ndo yake.

Andika majibu yake kwenye oda, mtumie asome, akikubali ndo ufunge boksi. Biashara njema!